Shikamoo ya Mzee Hoza

Mwanangu Rajabu,

Barua huanza kwa salamu. Hii nimejaribu kuianza hivyo nikashindwa, maana ni salamu iliyonifanya nikae chini kuandika.

Leo baada ya alasiri, wageni walipokwisha kula na kuanza kusimama mmoja mmoja kukuaga, Mzee Hoza alikuja na fimbo yake mpaka ulipokaa. Akavua kofia, akakuambia, "Shikamoo, askari." Watu walicheka. Bwana Kaniki, Mwenyekiti wa chama, alicheka mpaka akashika tumbo. "Utani wa huyu mzee! Alianza na baba, sasa kahamia kwa mtoto!" Nawe ulicheka. Sikulaumu. Tangu mdogo umemsikia akiniamkia mimi njiani, yeye aliyetahiriwa siku moja na babu yako, na kila mtu hapa kijijini anajua kwamba ni utani wetu.

Mimi sikucheka. Niliweka kikombe chini nikaenda nyuma ya nyumba, kama mtu anayekwenda kuwatazama mbuzi. Kwa hiyo sikusikia ulimjibu nini. Tangu hapo najiuliza.

Si utani, Rajabu. Haujawa utani hata siku moja. Nataka uijue habari yake kabla lori halijakuchukua kesho kwenda Mombo na huko jeshini, na kukuambia kwa mdomo siwezi. Jioni hii nimekaa nawe jikoni, mama yako anakaanga maandazi ya safari. Nimekohoa. Nimesema, "Rajabu." Ukasema, "Naam, baba." Nikasema kamba ya sanduku ikazwe vizuri. Basi, ikaishia hapo. Ndivyo nilivyo, na unanijua.

Mambo ya soksi, ya maji ya kuchemsha, ya kutoazima blanketi la mtu, mama yako ameshakuambia, na kesho utakapopanda lori atakuambia tena kwa Kishambaa ili usikie vizuri. Hayo namwachia.

Mimi nilisomeshwa lugha mbili. Kiswahili nilikipata hapa hapa, Kiingereza nikakifuata Tanga. Kishambaa hakuna aliyenisomesha, nilikinywa na maziwa. Ajabu yake, kila nilipoongezewa lugha nilizidi kunyamaza. Mwalimu akiuliza, jibu ninalo, nimeshalipanga kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nalo limekwama hapa kooni kama punje ya hindi. Wenzangu waliniita Bubu. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nikipita nyuma ya nyumba za watu ili nisikutane na salamu nyingi. Nakueleza haya kwa sababu nimekuona wewe pia. Mtu akikuuliza jambo mbele ya watu, mkono wako unapanda nusu, unashuka, unajikuna shingo. Hiyo umeitoa kwangu, na nisamehe.

Vita vilipokuja waliniweka kwenye simu za jeshi kwa ajili ya kile Kiingereza. Kazi ilinifaa. Kwenye simu hakuna anayekuona uso. Nilirudi nyumbani kwa likizo nikiwa na nguo zilizopigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe, utepe wa medali kifuani, na buti. Wewe ulikuwa mdogo, ulivaa kofia yangu ikakufunika mpaka mdomoni.

Hapo ndipo nilipoonja kitu ambacho sikuwahi kukionja. Niliingia dukani, mazungumzo yakakatika. Nilikaribia benchi, watu wakasogea. Sikuwa nimesema neno. Mtu aliyepita nyuma ya nyumba za watu maisha yake yote sasa alipita katikati ya njia, na nguo zikimsemea. Nilizipenda zile nguo, mwanangu. Nilizipenda vibaya.

Aliyekuwa hazipendi ni mmoja, shangazi yangu Mwanaidi, dada yake babu yako. Nilipokwenda kumsalimu aliniangalia mlangoni akasema, "Mbona buti zako zinaongea kuliko wewe? Zivue huko nje, nizungumze na mwanangu." Nilicheka. Sikuzivua.

Siku hizo ugomvi wa matuta ulikuwa umeanza. Wewe umeyakuta yale mambo yamechoka, sisi tuliyaona yakiwa makali. Serikali ilitaka kila mwenye shamba la mteremko alime matuta ili mvua isibebe udongo. Jembe lile lilikuwa la wanawake, na asiyelima aliitwa mbele ya Zumbe, chifu wetu. Watu walikuwa na maneno. Zumbe akaita baraza, na akamtuma tarishi wake nyumbani kwetu. Tarishi mwenyewe ndiye Mzee Hoza.

"Zumbe anakusalimu," akasema. "Kesho uje ukae karibu naye. Uje na nguo zako."

"Kuna nini, mzee?"

"Hakuna kitu. Ukae tu."

Niliona ni heshima. Sikutumwa na afisa yeyote, sikumwomba mtu ruhusa, na wala sikujiuliza nguo zile ni za nani hasa, maana zilikuwa mwilini mwangu.

Umekua ukisikia watu wetu wanavyoitikia barazani. Msemaji akisema kipande, wanasema "heee", kila mtu kwa wakati wake. Mmoja anawahi, mwingine anachelewa, kuna anayeitoa puani, kuna anayeivuta mpaka unajua kabisa kwamba hakubali. Babu yako alikuwa akisema, hata ukinifunga macho, kwa heee peke yake nitakuambia jambo limepita au halikupita. Basi siku ile Zumbe alisema habari ya matuta, nami nimesimama kuliani kwake, mikono nyuma, miguu imeachana kama tulivyofundishwa. Heee ilitoka kwa pamoja. Moja tu. Kama gwaride linapopiga mguu chini. Nami mjinga nilifurahi, nikadhani watu wamekubali.

Kisha shangazi akainuka. Hapakuwa na baraza asiloinuka. Shamba lake lilikuwa pale chini ya miti ya miwati, pabaya, hata mbuzi wanapita kwa hesabu, na mgongo wake ulikuwa mbovu tangu alipoanguka na mzigo wa kuni. Akaanza, "Zumbe, mimi huu mgongo wangu…" Macho yake yakanifikia. Yakaanzia kwenye buti, yakapanda polepole mpaka kwenye kofia. Akajifunga kanga upya. "Nimemaliza," akasema, akakaa. Naye hakuwa ameanza.

Jioni nilimfuata.

"Shangazi, mbona hukusema?"

"Nilikuja kusema na Zumbe. Sikujua nimeitwa kusema na jeshi."

"Lakini mimi nilisimama tu!"

"Ndiyo," akasema. "Ulisimama."

Alilima yale matuta masika ile, kwa mgongo ule. Niliporudi likizo iliyofuata nilikuta kaburi. Hakuna aliyesema kwamba ni matuta yaliyomwua, nami sisemi, alikuwa mtu mzima. Lakini kutoka siku ile ya baraza mpaka nilipoondoka kurudi kambini hakunitania tena. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za safari, akaniwekea kiti. Alinifanyia adabu, kama mgeni.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapotaka kufika, na ndipo ninapoogopa.

Likizo ile ile ya kaburi, Kaniki alinijia. Huyu huyu Bwana Kaniki wetu. Wakati huo hapakuwa na chama hapa milimani, palikuwa na watu tu waliochoshwa na matuta, na Kaniki mbele yao. Hao ndio waliokuja kufungua tawi baadaye. Alikuwa kijana shujaa, na mimi nilimheshimu, namheshimu mpaka leo. Akaniambia, "Ulisimama kwa Zumbe, shangazi yako akanyamaza. Sasa simama kwa watu." Maneno yaliniingia. Nikajiambia, hii ndiyo dawa yake. Nikatia makaa kwenye pasi, nikanyoosha zile nguo kwa machozi, nikitubu huku nazinyoosha.

Tulikwenda wengi, barazani kwa Zumbe. Kaniki alisema vizuri, na kila alichosema kilikuwa kweli. Alipomaliza, Mzee Hoza akaomba nafasi. Hakuwa na ubaya. Alisema, "Jamani, Zumbe naye ametumwa, tumpe nafasi atueleze alichoambiwa Lushoto…" Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Sema, mzee, sema! Askari wetu anakusikiliza!" Watu wakacheka. Mzee Hoza akageuka kunitazama. Ningeweza kusema, mwacheni mzee aseme. Maneno machache, kwa lugha yoyote kati ya zile nilizosomeshwa. Nilisimama tu, mikono nyuma.

Akakaa.

Kaniki akauliza, "Tumekubaliana?" Na heee ikatoka. Moja. Kwa pamoja. Safari hii niliisikia, Rajabu. Ilikuwa ile ile ya mbele ya Zumbe. Waliofurahi ni wengine, sauti ni ile ile.

Zumbe aliahidi kulipeleka jambo letu kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Watu walininyanyua juu. Ukungu ulikuwa umeshashuka nilipoachana nao nikashika kile kinjia cha mtoni peke yangu, na mbele yangu akatokea Mzee Hoza, anapanda. Mimi nimemwamkia Mzee Hoza tangu nimejua kusema. Shikamoo, marahaba mwanangu, na siku nyingine ndizi mkononi. Kinjia ni chembamba, unakijua. Akatoka njiani akasimama kwenye majani mabichi ili nipite. Akavua kofia. Akasema, "Shikamoo."

Nimeitafuta dharau ndani ya salamu ile miaka yote hii. Ningeipata ningepumzika. Haikuwamo. Ilikuwa na hofu tu, hofu ya mzee aliyefikiri kwamba asipomwamkia yule mtu, kesho atafanywa jambo.

Na mimi, hili hata mama yako sijamwambia, nilijibu, "Marahaba."

Lilitoka lenyewe. Nikapita. Buti zikipiga kelele kwenye mawe.

Tangu siku ile hajaacha. Nilitoka jeshini, nguo nikazirudisha, nikashika jembe na kabichi zangu, na bado tukikutana ananiwahi. Nimejaribu kumwamkia kutoka mbali, nimejaribu kukimbia nimfikie kabla hajainua uso. Ananiwahi. Nikimwambia shikamoo baada ya yake, haitikii, anavaa kofia anaendelea na njia. Watu wanacheka. Nami nimewaacha wacheke, kwa sababu utani ni rahisi kuueleza kuliko hiyo habari nyingine.

Mara ya kwanza nilisimama upande ambao leo nauona mbaya. Mara ya pili nilisimama upande mzuri. Na ile ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Kwa ile ya kwanza naweza kusema nilikuwa mshamba, nilitumiwa. Kwa ile ya pili hakuna aliyenidanganya. Kaniki alikuwa na haki, lakini mpaka leo si yeye, si mimi, hakuna anayejua ni wangapi pale walikuwa pamoja nasi na ni wangapi waliogopa buti. Tuliuchukua ukweli wetu wenyewe tukauharibu, na hatukuwa na haja. Ungepita hata bila mimi.

Najua utakachosema, maana hata mimi nimejisemea. Baba, jeshi lenyewe ni la Mwingereza, lina upande wake tangu lilipozaliwa, tunachezeana maneno gani? Kweli. Lakini najua kwamba uhuru utakuja, Mungu akipenda, na siku hiyo jeshi litakuwa letu sote, la Kaniki na la yule asiyempenda Kaniki. Tabia mtakazoingia nazo ninyi vijana sasa ndizo litakazokua nazo. Likizoea leo kuwa na chama, hata chama kizuri, kesho litataka kuchagua chama. Na keshokutwa halitataka hata kuchagua, litakaa lenyewe kwenye kiti. Siyasemi haya kwa uchawi. Nimeona ilivyo rahisi, mimi mwoga nisiyeweza kuomba chumvi kwa jirani.

Leo uani, kabla ya Mzee Hoza kuja kwako, Kaniki alikushika mkono akauinua. "Huyu ni askari wetu! Akifika huko atatukusanyia vijana wa chama humo humo kambini. Siku ikifika, bunduki zijue zina wenyewe!" Watu wakaitikia. Uliisikia heee yao? Jaribu kuikumbuka ilivyotoka. Kisha ukasema, kwa sauti ndogo, "Ndiyo, Mwenyekiti." Naijua ndiyo ile. Si ya mtu aliyekubali, ni ya mtu anayetaka mkono wake uachiwe. Lakini Kaniki ameichukua, na atakuja kuidai. Na Mzee Hoza aliisikia, ndiyo maana akainuka.

Ninakuomba usiwakusanye. Kadi yako ya chama iache kwangu, nitaiweka pamoja na yangu, ukitoka jeshini utaikuta. Moyoni mpende umpendaye, hakuna atakayekupekua huko. Bali usikipeleke chama kambini, wala usiilete kambi barazani. Ukija likizo, vua kwanza. Ingia kwa watu na shati lako, na ulimi ukikwama uache ukwame. Nimeishi na ulimi uliokwama, hauui.

Kaniki nitamwambia mimi. Kwa mdomo. Kesho, lori likishaondoka, nitakwenda dukani kwake nimwambie kwamba ile ndiyo ya mwanangu imerudi. Ataniita kibaraka, na atauliza mbele ya watu kama nimesahau shangazi yangu alivyokufa. Kabichi zangu ndiye anayezishusha Mombo, labda ataziacha zioze. Lakini hiyo ni ya kwangu, usiibebe.

Wewe nakuachia jambo moja. Nyumba ya Mzee Hoza iko njiani, pale chini ya miwati, unaijua. Huamka mapema akaota moto nje. Kesho tangulia peke yako kabla sisi hatujatoka. Usiende na mama yako, usiende na mimi, mimi nikionekana ataiona ile nguo hata kama nimevaa kanzu. Nenda ukiwa bado ni Rajabu tu. Mwamkie ukiwa mbali, kwa sauti, usiione haya sauti yako. Mimi sijawahi kumwahi. Pengine wewe utaweza.

Akikuitikia, marahaba yake ni yako, safiri nayo. Akikuwahi yeye, usimjibu. Usicheke. Kaa chini hapo motoni pamoja naye, hata kama hasemi, hata kama nawe husemi, mpaka lori lipige honi.

Sanduku nitalibeba mimi.

Baba yako